UZI MAALUMU: Mwakilishi wako kule Saint Paul anafanya kazi gani hasa, na umpelekee nini? (Tunaoishi Minnesota)

#1 – Mkazi wa Brooklyn Park

Wakuu, salaam.

Kila Bunge la jimbo likianza vikao Saint Paul, simu yangu inajaa maombi ya namna tatu. Kuna wanaotaka "mheshimiwa" amsaidie ndugu aliyekwama uhamiaji. Kuna wanaotaka achangie msiba, mwili usafirishwe kwenda nyumbani. Halafu kuna wale wanaoamka mwezi Mei na hoja nzuri kabisa ya kubadilisha sheria, wakati milango ya kamati imeshafungwa wiki nyingi nyuma. Hili la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hoja ilikuwa na maana na mwenye nayo alikuwa na haki ya kusikilizwa. Kachelewa tu.

Basi nimeamua kuandika nijuavyo. Kwa miaka sasa nimekuwa nikisindikiza akina mama wanaolea wazee kwenda kutoa ushahidi kwenye kamati, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho.

Kwanza, huyu mtu ni nani. Minnesota ina Bunge lake, lenye mabaraza mawili: Bunge la Wawakilishi lenye watu 134 na Seneti yenye watu 67. Kila wilaya ya seneta imegawanywa mara mbili, A na B, ndiyo maana unasikia watu wakisema 38A au 34B. Mwakilishi mmoja ana watu kama 42,600 wa kuwahudumia, na anarudi kuomba kura kila baada ya miaka miwili. Hawa si wale wa Washington. Green card, uraia, visa ya mke, hifadhi ya ukimbizi, hayo yote ni ya serikali ya shirikisho, na ofisi za kuyafuatilia ni za mbunge wako wa Congress na maseneta wawili wa Marekani. Mwakilishi wa Saint Paul atakuelekeza kwa upole, lakini hana faili lako na hawezi kulifungua.

Kilicho mikononi mwake ni leseni ya udereva, shule ya mtoto, mafao ya kukosa kazi, leseni za nyumba za kulea wazee na walemavu, viwango ambavyo serikali inalipa kwa huduma hizo, haki za mpangaji na barabara kuu za jimbo. Ukitazama maisha yetu hapa, mambo tunayokutana nayo kati ya asubuhi na jioni mengi ni ya Saint Paul.

Nitaendelea kuhusu kalenda na kamati. Karibuni maswali.

#2 – Kijana wa Kisii

Asante sana mkuu. Lakini si sasa tuna wetu ndani? Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira, alichaguliwa 2024, Mkenya wa kwanza kuingia Bunge la Minnesota. Mimi nilidhani yeye ndiye wa kupelekewa mambo yetu yote, mahali popote tulipo.

#3 – Mkazi wa Brooklyn Park

Ndugu yangu, fahari yako ni yangu pia. Siku ile matokeo yanatangazwa simu zilikuwa hazilali hapa kwetu. Ila yeye anawakilisha 38A, na humo wamo Wamarekani weupe, Waliberia, Wahmong na wengine wengi ambao wana haki ileile kwake. Ukipiga simu au kuandika kwa ofisi yoyote ya mwakilishi, swali la kwanza utakaloulizwa ni anwani yako. Kama unaishi Shakopee au Saint Cloud, una mwakilishi wako na seneta wako, na hao ndio wanaoihitaji kura yako. Barua kumi kutoka kwa wakazi wa wilaya yake zinamgusa kuliko mia kutoka nje.

Wabunge wenye asili ya kwetu wanafungua njia. Ilhan Omar aliwahi kuishi kambi ya wakimbizi kule Kenya, akaingia Bunge hili la jimbo kwa uchaguzi wa 2016, na miaka miwili baadaye akachaguliwa Congress. Lakini tukiwategemea hao peke yao, tunawaacha huru wale wengine mia na zaidi ambao nao wanaishi jirani zetu na wanakula kodi zetu.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama.

Bunge hili si la mwaka mzima. Katiba ya jimbo inawapa siku za vikao zisizozidi 120 kwa miaka miwili, na lazima wawe wamemaliza ifikapo Jumatatu ya kwanza baada ya Jumamosi ya tatu ya Mei. Tena siku hiyo ya mwisho hairuhusiwi kupitisha muswada wowote, kwa hiyo saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu ndiyo kikomo halisi. Mwaka wa namba witiri ni mwaka wa bajeti ya miaka miwili. Mwaka wa namba shufwa kwa kawaida hutazamiwa muswada wa mikopo ya miradi: majengo, maji, barabara, vyuo.

Mwanzoni mwa kikao wanatangaza tarehe za mwisho za kamati, mara nyingi Machi na Aprili. Muswada usiopita kamati zake kwa tarehe hizo, kwa kawaida umelala. Kwa hiyo mtu mwenye hoja amwone mwakilishi wake Septemba, Oktoba, Novemba. Wakati huo mheshimiwa yuko mtaani, ana muda, anakaa na kahawa anakusikiliza. Wengi wao wana kazi nyingine pia: kuna walimu, wakulima, mawakili, manesi.

#4 – Mama Wawili

Mimi nafanya nursing home, nyumba ya kulea wazee, zamu za usiku. Kwa kweli sijawahi kuona siasa za huko juu zikinigusa. Nieleze kwa mfano mmoja tu dada au kaka, sijui ni nani.

#5 – Mkazi wa Brooklyn Park

Dada, mfano wako uko mezani kwako. Mwaka 2023 Bunge liliunda bodi ya viwango vya wafanyakazi wa nursing home. Ina wajumbe tisa: watatu wa serikali, watatu wa waajiri, watatu wa wafanyakazi. Kwa uamuzi wa bodi hiyo, kuanzia Januari 2025 mfanyakazi wa nursing home anayefanya kazi sikukuu za jimbo, ambazo ni 11, analipwa mara moja na nusu. Angalia hati yako ya malipo ya mwezi wenye sikukuu.

Mwaka huohuo wa 2023 walipitisha likizo ya malipo ya familia na ugonjwa, ambayo malipo yake yameanza 1 Januari 2026. Ukijifungua, ukiugua, ukimuuguza mzazi au mtoto, kuna hadi wiki 12 kwa upande wa afya yako na hadi 12 kwa upande wa familia, zote pamoja zisizidi 20 kwa mwaka. Makato ni asilimia 0.88 ya mshahara, mwajiri akibeba angalau nusu. Kuna akina mama wa kwetu waliorudi zamu wiki ya tatu baada ya kujifungua kwa upasuaji, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Mimi nikiiangalia sheria hii nawaona wao.

Na watoto wako wawili wanakula kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni bila kulipa. Nayo ni sheria ya Machi 2023.

#6 – Mama Wawili

Jamani. Ile holiday nilidhani ni meneja mpya ana roho nzuri.

#7 – Mrundi wa Moorhead

Ndugu, mimi naomba unieleze muswada unatembea vipi. Huku kwetu tuko mbali, kufika Saint Paul ni zaidi ya saa tatu kwa gari. Tuna jambo la usafiri wa wagonjwa tungependa kulifikisha.

#8 – Mkazi wa Brooklyn Park

Mwakilishi akikubali hoja yako, anaipeleka kwa ofisi ya wataalamu wa kuandika sheria iliyo chini ya Bunge. Kila muswada lazima upitie kwao uwekwe katika lugha ya sheria. Ukishapewa namba unasomwa mara ya kwanza na kupelekwa kamati. Wakati huohuo anatafutwa seneta wa kupeleka pacha wake Seneti, kwa sababu mabaraza yote mawili lazima yapitishe maneno yaleyale. Katiba inataka muswada usomwe siku tatu tofauti katika kila baraza. Kura ya kupitisha si ya waliohudhuria, ni ya wajumbe wote: 68 kwa wawakilishi, 34 kwa maseneta. Wakitofautiana maneno, inaundwa kamati ya maridhiano ya pande mbili. Kisha gavana asaini au akatae.

Sasa chumba cha kamati. Hili nalieleza kwa kirefu maana hapa ndipo sauti yako inapoingia.

Ratiba za kamati ziko kwenye tovuti ya Bunge. Unamwandikia mratibu wa kamati kabla ya siku ya kikao, unasema jina, mji, na muswada unaotaka kuuzungumzia. Siku ikifika mnakaa kwenye viti vya nyuma. Wajumbe wamekaa kwenye meza ya nusu duara, kila mmoja ana kompyuta na rundo la karatasi, wengine wanatoka na kuingia kwa sababu wana kamati nyingine saa hiyohiyo. Msikasirike, si dharau. Jina lako likiitwa unakwenda kwenye meza ndogo mbele, karibu na mwenye muswada. Unaanza kwa kumsalimu mwenyekiti na wajumbe, unataja jina na unakotoka, ndipo unazungumza. Dakika mbili, pengine tatu. Mjumbe akikuuliza swali, unajibu kupitia kwa mwenyekiti.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja anayemhudumia nyumbani kijana asiyeweza kutembea. Alikuwa ameandika kurasa nne. Tulikaa kwenye korido ya marumaru tukazifuta mpaka zikabaki aya mbili. Akaeleza jinsi anavyomgeuza yule kijana usiku kila saa mbili asipate vidonda, na kwamba anayepaswa kumpokea zamu ameacha kazi kwenda ghalani kupakia mizigo kwa sababu huko kunalipa zaidi. Basi. Mjumbe mmoja wa chama pinzani, ambaye alikuwa anaandika kwenye simu, akaiweka chini. Akamuuliza maswali mawili ya maana kuhusu malipo. Takwimu za idara alikuwa nazo siku zote. Kisa cha kugeuzwa kila saa mbili hakuwa nacho.

Mwisho wa kikao huenda mwenyekiti akatamka kwamba muswada unawekwa pembeni ili uangaliwe kama utaingizwa kwenye muswada mkubwa. Mara ya kwanza watu wetu waliinamisha vichwa wakidhani umekufa. Hapana. Mambo mengi ya fedha hupita kwa njia hiyo: yanakusanywa kwenye muswada mmoja mkubwa wa sekta, wanauita omnibus. Kuanzia hapo kazi ni kumkumbusha mwakilishi wako, na kumkumbusha mwenyekiti wa kamati hasa, maana yeye ndiye anayeamua kipi kinaingia.

Nyinyi wa Moorhead ulizeni kama kamati inapokea ushahidi kwa njia ya video. Ushahidi wa maandishi unaweza kutumwa vilevile. Na mwakilishi wenu anarudi nyumbani mwishoni mwa wiki, msimfuate, mwiteni kanisani kwenu.

#9 – Dar mpaka Duluth

Mkuu unatuchorea picha nzuri, lakini mimi nina miaka mingi hapa. Wanakuja kanisani na msikitini Oktoba, wanakula pilau, wanapiga picha na akina mama wenye vitenge, Novemba wanapotea. Afadhali nyumbani, mbunge asiporudi jimboni wananchi wanamzomea. Na wa Kenya ana CDF angalau, ule mfuko wa maendeleo ya eneo lake la ubunge, unaona darasa limejengwa.

#10 – Mkazi wa Brooklyn Park

Wanaopiga picha na kupotea wapo, siwatetei. Ila tuangalie na upande wetu: baada ya pilau, ni nani aliyemwandikia Januari?

Kuhusu CDF, hapa mwakilishi hana mfuko kama huo wa kugawa wilayani kwake, na sheria za zawadi na fedha za kampeni hapa ni kali, hata washawishi hawaruhusiwi kumpa zawadi tangu 1994. Hawezi kuweka laki mbili kwenye harambee ya msiba. Kilicho karibu na "maendeleo ya jimbo" ni ule muswada wa mikopo ya miradi. Mji wenu unaomba fedha za kituo cha jamii, mwakilishi na seneta wanawasilisha ombi, na kamati ya uwekezaji huzunguka jimbo kutembelea miradi kabla ya kikao. Muswada huo unahitaji asilimia 60 ya kura, yaani 81 kwa wawakilishi na 41 kwa maseneta, hivyo bila vyama vyote viwili haupiti. Kamati ikifika mjini kwenu, jazeni ukumbi. Nimeona maombi ya miji yakiungwa mkono na meya peke yake, ukumbi mtupu, na wajumbe wanaona.

#11 – Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Naongeza jambo la subira. Kuanzia 2003 mtu asiye na karatasi za uhamiaji hakuweza kupata leseni ya udereva Minnesota. Nakumbuka watu wakienda kazini wamejikunyata kwenye kiti cha dereva kila wakiona polisi. Kila kikao kulikuwa na watu Saint Paul na mabango, wengi wao Walatino, na sisi wachache. Muswada ukapita baraza moja ukafia jingine, mwaka baada ya mwaka. Gavana Walz alisaini Machi 2023. Miaka 20. Kuna waliosimama mwanzoni ambao hawakuishi kuiona. Msiseme Bunge halisikii kwa sababu ya kikao kimoja.

#12 – Mkazi wa Brooklyn Park

Shikamoo mwalimu. Hili nalibeba.

#13 – Mama Wawili

Na lile la bima ya afya? Mdogo wangu alipata MinnesotaCare mwaka jana tu, halafu akaambiwa inafungwa. Nilisikia Democrat mmoja ndiye aliyepiga kura ya kuifunga. Nilimchukia sana yule mama, halafu wakamuua, sijui hata nijisikieje.

#14 – Mkazi wa Brooklyn Park

Dada, nitajibu polepole, maana hili lilitokea kwetu Brooklyn Park.

Uchaguzi wa 2024 ulileta wawakilishi 67 kwa 67. Mwaka 2025 ulianza kwa mvutano, DFL, ndio Democrat wa hapa, hawakuingia ukumbini kwa wiki tatu za mwanzo mpaka yalipofikiwa makubaliano, Lisa Demuth wa Republican akawa Spika. Mei ikaisha bajeti haijakamilika. Bila bajeti kufikia 1 Julai, ofisi za serikali ya jimbo zingefungwa na maelfu ya wafanyakazi kusimamishwa. Sharti la Republican lilikuwa kuondoa watu wazima wasio na karatasi kwenye MinnesotaCare mwisho wa 2025, watoto wabaki. Tarehe 9 Juni, kwenye kikao maalumu cha siku moja, Melissa Hortman, kiongozi wa DFL na Spika wa zamani, akawa peke yake upande wake kupiga kura ya ndiyo. Republican walikuwa na 67, zinatakiwa 68. Alitoa hiyo moja ili bajeti nzima ipite, akazungumza na waandishi huku analia, kwa sababu anajua ni nani wataumia.

Siku tano baadaye, 14 Juni, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe Mark. Usiku huohuo Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi nyumbani kwao Champlin, Mungu akawanusuru.

Sikuipenda kura ile. Bado siipendi. Najua mtu wa kwetu mwenye kisukari aliyerudi kununua insulini mfukoni. Lakini yule mama alikuwa akifungua mlango wake kwa kila mtu, anwani yake ilijulikana, kama ilivyo kwa wawakilishi wengi, kwa sababu kazi hii haifanyiki ukiwa umejifungia. Unaweza kupinga kura ya mtu na ukalia alipozikwa. Mimi nilifanya yote mawili.

#15 – Dar mpaka Duluth

Hapa tutatofautiana mkuu. Mpatanishi mzuri hauzi wanyonge kwanza. Wangeacha serikali ifungwe, wale wengine wangelaumiwa. Ila kuhusu mauaji, hakuna wa kubisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

#16 – Mkazi wa Brooklyn Park

Naheshimu hoja yako, na wabunge wengi wa DFL walifikiri kama wewe, ndiyo maana alibaki peke yake. Ninachosema ni kwamba sheria ya 2023 ndiyo iliyoifungua bima ile, na ya 2025 ikaifunga. Kwa hiyo inaweza kufunguliwa tena na viti vilevile 201 vya mabaraza yote mawili. Mdogo wake Mama Wawili akiwa tayari kueleza, nitamsindikiza.

#17 – Mrundi wa Moorhead

Lakini huyo mdogo wake hana uraia. Anaruhusiwa?

#18 – Mkazi wa Brooklyn Park

Ushahidi kwenye kamati uko wazi kwa yeyote, hawaulizi uraia. Ila vikao vinarekodiwa na kuwekwa hadharani, video na sauti, na jina linaandikwa. Kwa mtu asiye na karatasi, kwa hali ilivyo sasa, nisingemshauri ajitokeze mwenyewe kabla ya kuongea na wakili. Dada yake mwenye uraia anaweza kukieleza kisa bila kumtaja jina, na kina uzito uleule.

Kwa wenye uraia kuna mlango mwingine ambao hatuutumii: mikutano ya mitaa ya vyama, ile wanayoiita caucus, mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi, mwezi Februari. Mnakutana kwenye madarasa ya shule, pengine watu kumi na watano tu. Unaweza kuandika azimio kwenye karatasi, likapigiwa kura hapohapo na kupanda ngazi za chama. Unaweza pia kuchaguliwa mjumbe wa mkutano unaoamua nani aidhinishwe kugombea. Darasa la watu kumi na watano, tukienda saba wa kwetu, hesabuni wenyewe.

#19 – Kijana wa Kisii

Nimepata jina la mwakilishi wangu kwenye tovuti ya Bunge, nimeweka anwani likatokea. Nimwandikie nini hasa? Mswada sina.

#20 – Mkazi wa Brooklyn Park

Huhitaji muswada. Andika Kiingereza chako cha kawaida, aya mbili: mimi ni fulani, naishi mtaa huu wa wilaya yako, nafanya kazi hii, na jambo hili linatutesa. Taja idara ya jimbo inayohusika kama unaijua. Omba dakika ishirini akiwa wilayani. Barua itasomwa kwanza na msaidizi wake, na huyo msaidizi ndiye anayepanga ratiba, hivyo mwandikie kwa heshima na ulihifadhi jina lake. Usipojibiwa kwa wiki mbili, piga simu.

Kama ni idara ya jimbo imekukwamisha, mfano mafao ya kukosa kazi hayatoki au leseni ya nyumba ya huduma imekaa miezi, weka namba ya faili na tarehe. Ofisi ya mwakilishi inaweza kuwasiliana na idara hiyo. Haiwezi kuilazimisha ikupe, lakini faili linatafutwa.

#21 – Kijana wa Kisii

Nimetuma. Nimeandika kuhusu basi linaloishia saa nne usiku wakati zamu yetu inatoka saa tano na nusu. Tuko tisa pale kazini tunaoishi wilaya moja, nimewaambia kila mtu atume ya kwake.

#22 – Mkazi wa Brooklyn Park

Safi sana. Muandike pia kwa Metropolitan Council, wao ndio wanaoendesha Metro Transit na wajumbe wake wanateuliwa na gavana. Kwenye barua ya mwakilishi mtaje kwamba mmewaandikia na hao, ili msaidizi wake ajue pa kuanzia. Ukipata tarehe ya kuonana naye niambie, nitakuja kama siko zamu.